Kobe, komba na simbilisi nyumbani: maswali ya wazazi wa Moshi

Mjomba amemletea mwanangu wa miaka 3 kobe kutoka tambarare. Anaonekana mzima tu. Kuna shida?

Ipo. Kobe hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuumwa hata kidogo. Wanatoka na kinyesi, wanabaki kwenye gamba na kwenye maji anayochezea. Mtoto akimshika kisha akatia vidole mdomoni, ndani ya siku chache anaharisha, ana homa, tumbo linamkata. Marekani ilipiga marufuku biashara ya kobe wadogo mwaka 1975 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kweli, penye mtoto wa chini ya miaka 5 kobe asikae. Tena huyo ni mnyamapori: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai kibali. Ongea na ofisa wanyamapori wa wilaya, usimwachie tu barabarani.

Jirani ana komba aliyezoea watu. Je, huyo?

Simshauri mtu. Komba hulowesha viganja na nyayo kwa mkojo wake mwenyewe, kisha anaruka mezani kwenye chakula chenu. Kutwa amelala, usiku mzima anarukaruka. Na anauma.

Sasa watoto wafuge nini?

Sungura au simbilisi. Ila simbilisi ana jambo lake: mwili wake hautengenezi vitamini C, kama sisi. Akila pumba na nyasi kavu peke yake, viungo vinavimba, anaacha kutembea, na wengi hudhani ameanguka. Mpe pilipili hoho au sukuma wiki mbichi kila siku. Banda liwe kivulini, maana joto la Moshi la Januari na Februari linaua sungura upesi. Mkiona duara linalowasha kwenye ngozi ya mtoto, huenda ni mapunye kutoka kwa mnyama. Watibiwe wote wawili.

Mnyama amemng'ata mtoto. Nipake nini?

Usipake majivu wala mafuta ya taa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Mawenzi, KCMC au iliyo karibu. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa tu. Tumbili, nguchiro na komba nao hukipata, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Mweleze daktari ni mnyama gani, ameng'ata lini na yuko wapi sasa. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Ukipewa tarehe za kurudi kuchanjwa, rudi zote, hata kama kidonda kimeshafunga.