Je, wajua kwa nini khalifa aliiondoa sura yake kwenye dinari ya dhahabu?

Mwaka 74 Hijria (693), khalifa Abd al-Malik bin Marwan alianza kutoa sarafu za dhahabu zenye picha ya khalifa: amesimama, ana ndevu ndefu, mkono uko kwenye upanga. Mwaka 77 picha hiyo ikafutwa. Dinari mpya ilijaa maandishi pande zote mbili, na hata jina la Abd al-Malik halikuwemo.

Waislamu walipoitwaa Sham (Syria na nchi jirani) kutoka kwa Warumi wa Konstantinopoli, dhahabu waliyoikuta sokoni ni ya Kirumi, nao wakaendelea kuitumia. Hata walipoanza kupiga ya kwao waliiga ileile, ila msalaba waliukata mikono ukabaki mlingoti juu ya ngazi. Kwa hiyo Muislamu alilipa kodi kwa sarafu yenye sura za makaizari.

Abd al-Malik asingeweza kuliacha jambo hilo. Abdullah bin Zubeir alikuwa amejitangaza khalifa huko Makka, hadi alipouawa mwaka 692, na umma uliopigana wenyewe kwa wenyewe ulihitaji alama moja. Wakati huohuo Kaizari Justinian II aliweka sura ya Yesu kwenye dhahabu yake. Sarafu ikageuka uwanja wa mabishano ya dini, na kujibu picha kwa picha kulikuwa kucheza ngoma ya Warumi.

Jibu la Abd al-Malik likawa Qur'ani. Upande mmoja wa dinari ulibeba kalima ya tauhidi, kwamba Mungu ni mmoja, hana mshirika. Upande wa pili uliandikwa maneno ya Surat Ikhlas: hakuzaa wala hakuzaliwa. Ukiyasoma ukiikumbuka sarafu ya Justinian, huhitaji kuambiwa yalielekezwa kwa nani. Pembezoni iliandikwa kwamba dinari hii imepigwa mwaka wa sabini na saba. Uzito nao ulibadilika: gramu 4.25, pungufu kidogo ya ile ya Kirumi. Naiona hii kuwa kazi kubwa ya utawala wake, sawa na Kuba la Mwamba alilolijenga Yerusalemu.

Dinari ilisafiri mbali kuliko majeshi. Offa, mfalme wa Mercia huko Uingereza, aliiga dinari ya mwaka 157 Hijria (774), kalima ikiwa humohumo, akapachika jina lake katikati ya maandishi ya Kiarabu.

Majina ya makhalifa yaliingia baadaye, enzi za Waabbasi, ukoo wa makhalifa uliofuata ule wa Abd al-Malik. Tangu hapo kutajwa kwenye sarafu na kwenye hotuba ya Ijumaa kukawa ndiyo hati ya utawala. Ndiyo maana Shajar al-Durr, mwanamke aliyeitawala Misri kwa miezi michache mwaka 1250, alihakikisha dinari zinamtaja kuwa malkia wa Waislamu.

Desturi hiyo ilifika hadi pwani yetu. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yuleyule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, anajulikana zaidi kwa sarafu zake za shaba, lakini alipiga pia za dhahabu zenye jina lake. Zilizopatikana hadi leo ni chache mno, ingawa dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa Kilwa.