Grisi Haifufui Ekseli Iliyokwisha

Nimechoka kuulizwa, tena na mtu ambaye tayari amejijibu, kama ekseli, ile shafti inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye tairi, inayolia tak-tak-tak kwenye kona inaweza kutulizwa kwa grisi na buti jipya, yaani mfuko wa mpira unaofunika kiungo chake. Haiwezi. Mlio huo hutoka kwenye sivi ya nje (CV joint, kiungo cha ekseli kilicho upande wa tairi), ambamo kwa kawaida gololi sita hutembea ndani ya mifereji iliyochongwa kwa usahihi mkubwa, na sauti ikishasikika ujue mifereji imelika na gololi zinagonga kingo za mashimo. Grisi nzito itaufunika mlio kwa siku chache, wakati mwingine kwa muda unaotosha kumwuzia mtu gari, nami nashuku kwamba ndiyo sababu ushauri huu haufi.

Uvumi huu una chembe ya ukweli, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Buti likichanika leo ukaligundua mapema, kabla ya mlio wowote, sivi huweza kuokolewa. Grisi iliyorushwa huchora mstari mweusi upande wa ndani wa rimu. Ukiuona, usingoje, kwa kuwa vumbi letu la volkano huku chini ya Mlima Meru likichanganyika na grisi huwa msasa. Fungua sivi, ioshe mpaka chuma king'ae, ikaushe, kisha pitisha ukucha ndani ya kila mfereji. Ukucha ukikwama, funga mjadala na utafute ekseli nyingine. Usipokwama, weka grisi ya sivi yenye molibdenamu, wala si ile ya beringi iliyobaki kwenye kopo.

Kubadilisha kwenyewe ni kufupi kuliko malumbano yake. Inua ukingo uliopondwa wa nati ya ekseli, iliyo katikati ya tairi, kisha uilegeze tairi likiwa bado chini. Kwenye Toyota nyingi ndogo ni soketi namba 30. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Achanisha bolijointi, kiungo cha chini kinachoishika habu, toa habu (kitovu kinachobeba tairi) pembeni, halafu chomoa upande wa giaboksi kwa mtaimbo mfupi, beseni likiwa chini kwa sababu oili itamwagika. Usivute kwa kushika shafti, maana sivi ya ndani itaachana. Unaporudisha, linda sili ya giaboksi, sukuma mpaka kipete cha ncha ya ekseli kinase, na ujaribu kwa mkono kama haitoki. Nati iwe mpya, ikazwe kwa spana ya kipimo. Magari mengi hutaka zaidi ya Nyutoni-mita 200, na nyundo haina kipimo. Rudishia oili ya aina ileile. Gari lisisukumwe habu ikiwa haina ekseli, beringi itaharibika.

Vitabu husema sivi ya ndani hujulikana kwa mtetemo unapokanyaga mafuta. Nakiri kwamba gari linapotetemeka likipanda kutoka Tengeru kuja Arusha mjini, mara nyingi siwezi kuitofautisha na maunti iliyokufa, yaani kishikio cha mpira cha injini, kwa hiyo hukagua maunti kwanza, kwa kuwa hilo halihitaji kumwaga oili.

Kati ya ekseli mpya ya bei ya chini na ya mtumba kutoka Japani, mimi huchukua ya mtumba, iwapo buti zake ni nzima na sivi haichezi mkononi, ingawa mifereji haionekani mpaka uifungue, na muuzaji hatakuruhusu uifungue dukani.