Umeitwa urudi ofisini na unakaa Kibaha: piga hesabu ya siku mbaya

Tangu 2020 wako watu wengi Dar es Salaam ambao kazi yao ilihamia nyumbani, wengine wiki nzima, wengine siku mbili tatu. Humo katikati wakajenga. Kiwanja cha Kibaha, Chanika, Bunju au ndani kabisa ya Kigamboni bei yake ilikuwa inashikika, na kwa kuwa Posta, katikati ya jiji, walikuwa wanakwenda mara moja moja, umbali haukuwasumbua. Sasa maofisi yanatoa barua: kuanzia tarehe fulani, kila mtu awe mezani kwake saa 2 asubuhi, siku tano. Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mjini, kwa hiyo ndugu na marafiki wananiuliza swali lilelile: "Hivi kutoka kwangu mpaka Posta ni muda gani?"

Swali hilo ndilo linalowaponza. Safari ya Dar haina muda mmoja. Ina muda wa siku nzuri, muda wa siku ya kawaida na muda wa siku mbaya, na anayekuharibia maisha ni huyo wa mwisho.

Chukua mfano. Tuseme umeipima safari yako ya Mbezi, ile ya Barabara ya Morogoro, mpaka Posta kwa wiki mbili, siku kumi za kazi. Siku saba umetumia kati ya dakika 80 na 95. Siku mbili umetumia 110. Siku moja mvua ilinyesha usiku, ukatumia 160. Wastani unakuja kama dakika 100. Ukipanga kutoka nyumbani kwa wastani huo, utachelewa siku tatu kati ya kumi, yaani mara sita hivi kwa mwezi, na kwa mabosi wengi mara sita ni barua ya onyo. Ukipanga kwa dakika 110, unachelewa siku moja tu kati ya kumi, ile ambayo jiji zima limechelewa na hakuna wa kukulaumu. Kwa hiyo muda wako wa kupangia ni 110. Zile dakika 15 mpaka 30 ambazo siku nzuri utafika mapema nazo ni sehemu ya safari, hata kama unazimalizia kwenye chai nje ya ofisi. Umezitoa kwenye usingizi wako.

Kwa nini muda unapishana hivyo? Sababu kubwa ni mbili, na ukizielewa utajua wapi unaweza kuokoa kitu na wapi unajisumbua bure.

Ya kwanza ni foleni yenyewe. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia nane kati ya Kibaha na Kimara. Ukishafika Kimara kuja mjini, katikati ni njia ya mabasi ya mwendokasi peke yake, na magari mengine yote yanabaki na njia mbili kila upande. Barabara pana inamwaga kwenye barabara nyembamba. Pale panapobana panapitisha idadi fulani tu ya magari kwa saa, hata dereva awe hodari vipi. Kuanzia dakika ambayo magari yanayofika yanazidi yanayopita, foleni inaanza kurefuka, na haiachi kurefuka mpaka wanaofika wapungue tena. Aliyefika foleni ikiwa ndiyo inaanza anasubiri dakika tano. Aliyefika nusu saa baadaye anakuta magari yote ya nusu saa hiyo yako mbele yake. Ndiyo maana mtu akitoka saa 11:15 alfajiri anaweza kufika saa nzima kabla ya jirani yake aliyetoka saa 11:45. Nusu saa ya kitandani imemgharimu saa moja.

Siri ya upande wa pili watu wengi hawaitumii: foleni hiyohiyo inaisha. Ikifika saa 3 kasoro imeanza kulegea, na anayetoka saa 3 kamili mara nyingi anasafiri kwa muda mfupi kuliko wote. Ofisi ikikuruhusu kuingia saa 4 umepewa zawadi kubwa kuliko nyongeza ya mshahara, na nitairudia hoja hii nikifika kwenye maombi ya kumpelekea bosi.

Sababu ya pili ni usafiri wa umma na jinsi magari yanavyopishana. Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo penye hesabu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Chukua ruti ambayo gari linapita kila baada ya dakika 10. Ukifika kituoni wakati wowote, utasubiri dakika 5 kwa wastani. Sasa magari hayohayo, idadi ileile, yaje mawili mawili: moja linapita, la pili linafuata baada ya dakika 2, kisha kimya dakika 18, halafu tena mawili. Kwa saa moja ni magari yaleyale sita. Lakini kati ya kila dakika 20, dakika 18 ni za pengo refu, kwa hiyo abiria tisa kati ya kumi wanafika kituoni ndani ya pengo hilo. Kusubiri kunapanda kutoka dakika 5 mpaka 8 na kidogo. Halafu, kwa kuwa wote tisa wanalisubiri gari moja, linafika na kujaa, na wewe wa mwisho kwenye kundi unaachwa.

Magari hayaji mawili mawili kwa sababu madereva wamekubaliana. Yanajipanga yenyewe. Gari lililochelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi kituoni, linakaa zaidi likiwapakia, linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta kituo kimeshafagiliwa, linapita haraka, linalifikia. Huyu wa mbele amejaa mpaka mlangoni na huyu wa nyuma ana siti. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa bure: ukiona daladala limefurika baada ya kusubiri muda mrefu, na huna haraka ya dakika tatu, liache. Mara nyingi la pili liko nyuma yake na lina nafasi.

Mwendokasi, iliyoanza 2016 kwa njia ya Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, imeondoa ile sababu ya kwanza, kwa kuwa basi lina barabara yake. Sababu ya pili imebaki. Mabasi yakipungua barabarani, unapoteza kituoni zile dakika ulizookoa kwenye foleni. Ndani ya basi ni haraka. Hesabu yako ianze pale unapoingia mstari wa tiketi.

Katika kazi yetu, dakika moja ya kusubiri kituoni tunaihesabu karibu sawa na dakika mbili za kukaa ndani ya gari, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoihisi na ndivyo wanavyochagua usafiri. Kusimama umebanwa nako kunapandisha uzito wa dakika. Asubuhi Mbezi utaona watu wanaielewa hesabu hii vizuri bila kufundishwa. Saa 11 alfajiri dada mmoja mwenye mkoba kifuani na viatu vya ofisi ndani ya mfuko wa plastiki anasimama kituo kimoja au viwili nje ya stendi, upande wa magari yanayorudi. Daladala linakuja likiwa tupu nusu, analipa nauli ya kwenda kinyume, anakaa dirishani, anageuza nalo. Stendi wanapogombea mlango yeye ameshafunga macho. Ametoa nauli ya ziada na dakika kama 15, akanunua saa moja na nusu ya kukaa. Kwa safari ndefu ni biashara nzuri, na mtu akiniuliza kama kugeuza ni ujinga namwambia ndiyo akili kubwa kuliko zote pale kituoni.

Sasa upime. Usisubiri siku ya kwanza ya kuripoti. Chukua siku chache kabla ya tarehe, iwemo Jumatatu, ukasafiri kwa saa zilezile za kazi. Andika kwenye simu muda wa kufunga mlango wa nyumbani, wa kufika kituoni, wa kupanda, wa kushuka, na wa kukaa kwenye kiti chako cha kazi. Ile ya mwanzo na ya mwisho watu wanazisahau. Mtu wa Chanika atakuambia "saa moja na nusu", kumbe hajahesabu bodaboda ya kutoka ndani mpaka barabarani, wala kutembea kutoka Mnazi Mmoja mpaka ofisini. Wa Kigamboni anahesabu muda wa kuvuka maji tu na kusahau kwamba pantoni ya Magogoni ina muda wa kuisubiri, wa kupakia na wa kushusha.

Halafu ongeza mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo hesabu uliyoifanya Julai haifai kuendeshea mwaka mzima. Bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na kila kitu kilichokuwa kipite hapo kinakwenda kutafuta njia nyingine iliyokuwa imeshajaa. Kwa miezi hiyo ongeza dakika zako mapema, na kubaliana na ofisi kabla ya mvua, usingoje asubuhi ya mvua.

Kuhusu gari la binafsi nitasema kwa kifupi: halikuvushi foleni. Linakupa siti, kiyoyozi na uhuru wa kutoka saa unayotaka, na linakudai mafuta, maegesho na macho yako kwa saa tatu ambazo kwenye daladala ungelala. Majirani watatu wenye ofisi maeneo ya karibu wakichangia gari moja, hapo naliunga mkono. Mtu mmoja ndani ya gari kutoka Kibaha kila siku, siliungi.

Kuna jambo wapangaji wa usafiri wamelijadili miaka mingi. Watafiti Yacov Zahavi, na baada yake Cesare Marchetti katika andiko lake la 1994, walionyesha kwamba watu wa miji na nyakati tofauti sana hutumia karibu saa moja kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi pamoja. Usafiri ukiwa wa haraka zaidi, watu hawapunguzi muda, wanahamia mbali zaidi. Sisi wa Dar wengi tumeuvuka mstari huo mara tatu au nne. Hata mtu ajivunie ukakamavu namna gani, mwili haulichukulii hivyo.

Na usingizi ndio unaolipa kwanza. Tazama sheria yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Safari iko ndani ya hizo 12. Aliyepewa hizo 12 tu, akitumia saa mbili kwenda na mbili kurudi, anabaki na saa 8 za kula, kuoga, kuwaona watoto na kulala. Akitaka kulala saa 7, amebaki na saa moja ya kuwa mzazi, na mwenza wake naye pengine yuko kwenye hesabu hiyohiyo. Hili linaniumiza kuliko foleni yote. Wapo watoto wa Kibaha na Chanika wanaomwona baba au mama Jumamosi tu.

Kwa hiyo nenda ukaongee na ofisi, na uende na namba. Wengi wanaomba siku za kukaa nyumbani, wakikataliwa wanarudi wamenyamaza. Omba saa kabla ya siku. Kuingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 jioni, au kuingia saa 4 na kutoka saa 1 usiku, hakumpunguzii mwajiri hata dakika moja ya kazi, na kwako kunaweza kukata dakika 40 au zaidi kila upande, kwa sababu ya ile foleni inayorefuka na kuisha. Mama anayenyonyesha ana haki kisheria ya mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Kwa anayekaa mbali, kurudi nyumbani mchana haiwezekani, hivyo aombe azitumie mwisho wa siku, atoke mapema.

Sheria hiyohiyo inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, kufanya kazi mpaka saa 12 kwa siku pamoja na muda wa kula bila malipo ya ziada, ilimradi wiki isizidi siku tano na saa 45. Ofisi yenye wiki ya saa 40 inaweza kuzimaliza kwa siku nne za saa 10. Unaokoa safari nzima moja kila wiki. Nawashauri hivyo watu wenye safari ya saa moja na nusu kushuka chini. Kwa mwenye saa mbili kila upande siishauri: saa 10 za kazi, moja ya chakula na nne za njiani ni 15, na siku nne mfululizo za namna hiyo zitakuangusha.

Barua yenyewe iwe fupi. Andika muda wako wa siku ya kawaida na wa siku mbaya ulivyoupima, saa unazoomba, na jinsi kazi zako zitakavyoshikwa katika saa ambazo hutakuwepo. Omba majaribio ya miezi mitatu, iwemo miezi ya mvua, kisha mkae mtazame. Ipeleke kabla ratiba ya ofisi haijapangwa, kwa sababu ikishabandikwa ukutani kila anayeomba anaonekana anataka upendeleo.