Chura wa mti ni chura gani?

"Chura wa mti" si jina la ukoo mmoja. Ni jina la namna ya kuishi: chura mwenye visahani vya kunata kwenye ncha za vidole, anayewinda usiku juu ya majani na matawi. Wengi wa Amerika ni wa familia ya Hylidae, na familia hiyo haipo kabisa Afrika kusini mwa Sahara. Huku kwetu Afrika visahani vya namna ile ile vilijitokeza katika koo nyingine, mojawapo ikiwa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Leptopelis, isiyopatikana nje ya Afrika.

Mmoja wao ni Leptopelis uluguruensis, mkazi wa misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, Tanzania. Wataalamu wa wanyama Barbour na Loveridge walimpa jina mwaka 1928 kutokana na milima ya Uluguru, ingawa Usambara Mashariki pia yupo. Dume ana urefu wa sentimita 3 hadi 4 hivi, jike humzidi.

Ukitaka kumtambua, usianze na rangi. Rangi ya vyura hawa hudanganya: katika jamaa yake, Leptopelis vermiculatus, mmoja huwa kijani kibichi chenye michirizi na mwingine kahawia, na wote ni spishi moja. Anza na jicho. Mboni ya Leptopelis imesimama wima kama ya paka. Ya vyura wadogo wa Hyperolius, wanaochanganywa nao mara nyingi, imelala. Gizani mboni hupanuka ikawa karibu duara, kwa hiyo mmulike na usubiri kidogo mpaka isinyae, ndipo uamue. Picha iliyopigwa haraka mno hupoteza alama hii.

Visahani havifanyi kazi kama gundi. Uso wake umegawanyika katika seli ndogo zenye pembe, na kati yake mna mifereji inayosambaza ute. Utando huo mwembamba wa majimaji ndio unaoshikilia kidole kwenye jani. Kati ya mifupa miwili ya mwisho ya kidole kuna kipande cha ziada cha gegedu, hivyo kisahani hulala bapa hata mguu ukiwa umepinda. Vumbi likijaa, au ngozi ikikauka, mshiko hulegea. Ngozi hiyo hiyo hunyonya vitu kwa urahisi, kwa hiyo mkono uliopakwa dawa ya mbu usimguse.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba chura huyu wa juu hazai juu. Hyperolius spinigularis hubandika mayai kwenye majani yaliyoinamia maji, na Chiromantis, jenasi nyingine ya vyura wa mti, hutengeneza kiota cha povu tawini. Leptopelis hushuka. Mayai yake, makubwa na yenye kiini kingi, hufukiwa kwenye udongo wenye unyevu karibu na kijito au dimbwi. Viluwiluwi hukulia humo ndani ya yai, kisha mvua ikilowesha ardhi hutoka na kujinyonganyonga mpaka majini. Ndiyo maana wana umbo jembamba na mkia mrefu wenye misuli, karibu kama wa mkunga.

Hapo ndipo hesabu za uhifadhi huenda kombo. Mtu hutazama miti, akiona imesimama husema msitu uko salama. Lakini ukingo wa kijito ukilimwa, ukikanyagwa na mifugo au ukifagiliwa majani yake makavu, udongo hukauka na mayai hunyauka kabla mvua haijafika. Madume wataendelea kulia vichakani msimu huo kana kwamba hakuna kilichoharibika, kwa kuwa wakubwa bado wapo. Kwa hiyo anayewahesabu kwa kusikiliza sauti peke yake apekue pia maji ya kijito kwa wavu mdogo, mvua zikishashika, aone kama viluwiluwi wamefika.