Dirisha la siri halikufichi kwa kampuni ya simu

Hapa Goma wengi huamini kwamba ukifungua dirisha la siri (incognito) kwenye kivinjari, hakuna anayejua unatembelea tovuti gani. Imani hiyo inaeleweka: historia hufutika kweli, na anayeazima simu yako haioni.

Lakini mega ulizonunua bado zinapitia kwa kampuni. Tovuti ikitumia https, yaani njia inayofumba data inaposafiri, kampuni ya simu haisomi ujumbe wala nenosiri lako. Jina la tovuti, kwa kawaida inaliona. VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwanza kwenye kompyuta zake, hulificha, ila sasa mwenye VPN ndiye anayeliona, na zile za bure mimi naziogopa zaidi.

Tovuti nazo hukutambua kwa alama za kifaa: ukubwa wa skrini, fonti, lugha, majira ya saa. Simu ya Goma kwa kawaida hujitambulisha kwa majira ya Africa/Lubumbashi, hata VPN ikidai uko Ufaransa.

Jaribu mwenyewe. Tafuta tovuti inayoonyesha anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni, ifungue kwenye dirisha la kawaida, kisha la siri: mara nyingi anwani ni ileile. Na ukurasa wa kwanza wa dirisha hilo huonya kwamba mtoa huduma ya intaneti bado anaweza kukuona, ingawa ni wachache tunaousoma.