Dawa ya minyoo si dawa ya kila kimelea

Moshi hapa, kuanzia Mbuyuni hadi Pasua, ukisema dukani kwamba tumbo linakusumbua utaambiwa "piga dawa ya minyoo", upewe albendazo ya miligramu 400. Dawa hiyo humzuia mnyoo kufyonza sukari mpaka afe. Kwa minyoo ya mviringo na safura ni dawa nzuri, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni pale mtu mwenye kinga iliyoshuka anapoharisha wiki ya tatu na bado anaambiwa ni minyoo. Minyoo ni kundi moja tu la vimelea vya tumboni. Wapo pia protozoa, viumbe wa seli moja, na kwa mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, ziko chini ya 100, kuhara kusikokoma mara nyingi ni kazi yao. Mmojawapo ni kriptosporidiamu. Mwenye kinga nzima huhara wiki moja au mbili, akapona mwenyewe; aliyeishiwa kinga anaweza kuhara miezi, akakauka. Albendazo haimgusi kimelea huyu. Hata dawa ya nitazoksanidi, inayowasaidia wenye kinga nzuri, kwa aliyeishiwa kinga haitegemeki. Kinachomponya hasa ni ARV zinazoinua kinga, huku akirudishiwa maji na chumvi. Isospora, protozoa mwingine, naye ana dawa yake: septrini, ileile wengi wanayopewa CTC, kliniki ya wenye VVU, kama kinga, ila kwa dozi kubwa zaidi.

Tena kipimo cha kawaida cha choo humkosa kripto kirahisi. Maabara hutumia rangi ya jamii ileile ya kupimia makohozi ya TB, ndipo vionekane vitone vyekundu. Daktari asipoandika hivyo, majibu yatarudi "hakuna kitu".

Na hata mnyoo halisi hutofautiana. Strongiloidesi hutibiwa kwa ivamektini. Dozi moja ya albendazo haimtoshi. Mgonjwa aliye naye akianzishwa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, minyoo huweza kuzaliana kupita kiasi, ikapenya hadi mapafuni na kuingiza bakteria wa utumbo kwenye damu. Watu hufa kwa hili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifika dirishani usianze na jina la dawa. Sema umeharisha kwa muda gani, sema kama unatumia ARV au prednisoloni, na uulize ni wapi choo chako kitapimwa vimelea, kripto akiwemo.