Katz si paka

Mwulize Mjerumani yeyote jina Katz lina maana gani, atakujibu papo hapo: paka. Kwa Kijerumani paka ni Katze, kwa hiyo jibu linaonekana halina mjadala. Na kwa Wajerumani Wakristo wenye jina hilo mara nyingi ni kweli: mzee fulani alipewa lakabu ya paka, au aliishi kwenye nyumba yenye alama ya paka mlangoni, au jina limekatwa kutoka Katharina. Lakini kwa Myahudi mwenye jina hilohilo, kwa tahajia hiyohiyo, paka hayumo kabisa. Jina lake hata si neno. Ni herufi za mwanzo za maneno mawili ya Kiebrania zilizounganishwa zikasomwa kwa mkupuo, kama sisi tunavyotamka UKIMWI bila kufikiria maneno yaliyofupishwa humo.

Maneno hayo ni kohen tzedek, yaani kuhani wa haki. Msomaji wa Kiswahili anayo yote mawili nyumbani kwake. Kohen ni ndugu wa kāhin ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyotupa kuhani. Tzedek ina mzizi uleule wa sad, dal na qaf uliotuletea sadaka na kusadiki. Chukua kaf ya kwanza na tsadi ya pili, uweke vistari viwili vidogo katikati kuonyesha kwamba hiki ni kifupisho, upate כ״ץ. Kiebrania hakiandiki irabu fupi, kwa hiyo msomaji huingiza a mwenyewe: kats. Maneno yenyewe yana harufu ya Zaburi ya 132, aya ya 9, inayoomba makuhani wavikwe haki, na pia ya Melkizedeki wa Mwanzo 14, mfalme aliyekuwa kuhani.

Kuhani hapa si kazi ya kusomea. Ni nasaba ya Haruni, ndugu yake Musa, inayopita kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, baba kwa mwana, bila kukatika. Wa Lamu hawatahitaji maelezo marefu: usharifu unakwenda hivyo hivyo. Hekalu la Yerusalemu liliharibiwa mwaka 70, kafara zikakoma, ila nasaba na masharti yake vikabaki. Kohen huitwa wa kwanza kusoma Torati sinagogini. Haruhusiwi kuoa mwanamke aliyeachwa. Hakaribii maiti wala makaburi, isipokuwa amefiwa na mtu wa karibu kama baba, mama au mtoto. Mzaliwa wa kwanza wa kiume hukombolewa mikononi mwake kwa shekeli tano za fedha, ambazo kwa mizani ya leo ni takriban gramu 100. Kwa mtu mwenye masharti kama hayo, kubandika alama mwishoni mwa jina kulikuwa na kazi: mji ujue nani ni nani.

Ndiyo maana nasema Katz ilianza kama cheo, ikawa jina la ukoo baadaye sana. Katika makaburi na vitabu vya karne ya 16 na 17, kuanzia Prague hadi Frankfurt, kifupisho hiki hukaa nyuma ya jina la mtu kama "Alhaji" inavyokaa mbele ya letu. Mtu mmoja aliweza kuandikwa Katz mahali fulani na Cohen mahali pengine, na wote wawili wakawa yeye. Mfano mzuri ni Naftali, rabi wa Frankfurt, ambaye nyumbani kwake ndiko ulikoanzia moto wa Januari 1711 ulioteketeza mtaa wa Wayahudi. Vitabu vingine vinamwita Naftali Cohen, vingine Naftali Katz. Anayetafuta watu wawili hapo anapoteza muda. Vivyo hivyo kwa Yehoshua Falk wa Lviv, mfafanuzi mkubwa wa sheria aliyefariki 1614, na kwa ukoo wa wachapaji wa Prague ulioanzia kwa Gershom ben Solomon, waliotoa Hagada, kitabu cha ibada ya usiku wa Pasaka, yenye picha mwaka 1526.

Kilichogandisha cheo kikawa jina ni serikali. Kaisari Joseph wa Pili wa Austria aliamuru mwaka 1787 kwamba kila Myahudi katika himaya yake awe na jina la ukoo la Kijerumani lisilobadilika. Napoleon akafuata 1808, Prussia 1812. Urusi ilikuwa imeshaagiza 1804, ikasisitiza tena 1835. Hapa Katz ilikuwa na bahati ambayo majina mengine hayakuwa nayo: masikioni mwa karani wa Austria ilisikika Kijerumani tayari. Karani aliandika paka, kuhani akaondoka na ukuhani wake. Mtego wa aina hiyo haupo kwa Katz peke yake. Schatz kwa Kijerumani ni hazina, ila kwa Wayahudi wengi ni sheliach tzibur, yaani anayeongoza sala sinagogini. Segal inasikika kama jina lolote la Ulaya, kumbe ni kifupisho cha cheo cha Kilawi, yaani cha watu wa kabila la Lawi, wasaidizi wa makuhani.

Basi utajuaje kama Katz uliye naye ni wa kuhani au wa paka? Acha herufi za Kilatini, nenda kwenye Kiebrania. Mahali rahisi kuliko pote ni jiwe la kaburi. Juu kabisa ya jiwe la kohen kwa kawaida huchongwa viganja viwili vilivyofunguliwa, vidole gumba vikikaribiana, na kila mkono una mwanya kati ya kidole cha kati na cha pete, vidole vinne vikigawanyika viwili viwili. Ndivyo makuhani wanavyoshika mikono wanapobariki watu. (Mwigizaji Leonard Nimoy aliona ishara hiyo sinagogini utotoni, akaigeuza salamu ya mkono mmoja ya Spock, mhusika wake katika tamthilia ya anga ya Star Trek.) Jiwe la Mlawi huwa na jagi, kwa sababu Walawi ndio humwagia makuhani maji mikononi kabla ya baraka. Ukiona jagi kwenye kaburi la mtu aitwaye Katz, simama kwanza: kuna jambo. Chini ya alama soma jina la Kiebrania: fulani bin fulani ha-Kohen. Neno hilo la mwisho ndilo ushahidi. Cheti cha ndoa cha kidini, ketuba, nacho hulitaja.

Jambo linaloharibu hesabu mara nyingi ni Galicia, upande wa Austria wa iliyokuwa Poland. Wayahudi wengi huko walifunga ndoa ya kidini tu, bila kuisajili serikalini. Kwa karani hiyo haikuwa ndoa, na watoto wakaandikwa kwa jina la mama. Binti wa Katz akiolewa kidini na bwana ambaye si kohen, watoto wakasajiliwa Katz, unapata kizazi kizima cha akina Katz ambao ukuhani hawana hata chembe. Kinyume chake pia hutokea: kohen halisi, mtoto wa baba kohen, anabeba jina la upande wa mamaye lisilo na dalili yoyote. Jina la ukoo ni kidokezo. Nasaba inathibitishwa kwa jina la Kiebrania la baba, babu na baba wa babu.

Vinasaba vinasaidia kwa kiasi. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 1997 ulionyesha kwamba wanaume wengi wanaojitambulisha kuwa kohen wanashiriki alama zinazofanana kwenye kromosomu Y, ambayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama ukuhani wenyewe. Baadaye alama hizo zilipatikana pia kwa Walemba wa kusini mwa Afrika, hasa ukoo wa Buba. Lakini kuwa na alama hiyo hakumfanyi mtu kohen, na kuikosa hakumwondolei. Ninaona watu wengi wakilipia kipimo kabla hata ya kwenda kupiga picha kaburi la babu, na hapo wameanzia mkiani.

Tahajia nayo ina vituko vyake. Kipolandi kinaandika sauti ts kwa c, kwa hiyo Katz wa Warszawa ni Kac. Si "kaki", si "kasi": ni kats ileile. Katika kumbukumbu za Kipolandi za kabla ya vita mke wa Kac huandikwa Kacowa na binti yake Kacówna, na mgeni hudhani ni koo tatu. Kirusi kinaandika Кац. Jina la mwanaume hunyambuka, la mwanamke halinyambuki: ukikuta Каца kwenye hati, mara nyingi ni "ya bwana Kats", wala si jina jipya Katsa. Wako pia akina Catz na Kats.

Kwa hiyo ukitafuta kwenye hifadhi za intaneti usiandike tahajia moja ukatulia. Mfumo wa zamani wa Kimarekani wa kutafuta kwa sauti, Soundex, unaipa Katz na Kats msimbo K320, lakini Kac unaipa K200 na Catz C320. Yaani ndugu watatu wako vyumba vitatu. Tumia mfumo wa Daitch–Mokotoff, uliobuniwa 1985 kwa ajili ya majina ya Ulaya Mashariki. Humo ts na tz huhesabiwa sauti moja, na c huchukuliwa kwa namna zote mbili, kama k na kama ts, hivyo tahajia zote nne zinakutana kwenye msimbo 540000. Na usimlaumu karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, kwa jina lililobadilika. Makarani wa pale walifanya kazi na orodha za abiria zilizoandikwa bandarini Ulaya. Waliobadili majina Marekani kwa kawaida walibadili wenyewe, baadaye.

Kuna majina yanayofanana na Katz yasiyohusika nayo. Moshe Katsav, rais wa Israel kuanzia 2000 hadi 2007, aliyezaliwa Yazd huko Iran, jina lake ni katsav, mchinjaji au muuza nyama. Ephraim Katzir, rais wa 1973 hadi 1978, alizaliwa Katchalski akachukua katzir, mavuno. Yote mawili yanaanza na qof, wakati Katz inaanza na kaf. Aliyepita madrasa anajua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani: kwa Kiarabu qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Kilatini kinazifuta zote mbili kuwa k. Katzenellenbogen nayo ni ya mji wa Katzenelnbogen nchini Ujerumani. Meir Katzenellenbogen, rabi mkubwa wa Padova wa karne ya 16, aliitwa kwa mji.

Waliobeba jina hili ni wengi, nitaje wanaonivutia. Bernard Katz alizaliwa Leipzig 1911, mtoto wa mfanyabiashara wa manyoya aliyetoka Urusi, akaikimbia Ujerumani ya Hitler 1935 kwenda London. Alionyesha kwamba mshipa wa fahamu unapoamuru msuli, hautiririshi kemikali ya asetilikolini kama bomba. Huitoa kwa vifurushi vyenye kiasi karibu sawa, kifurushi kimoja kimoja. Alishiriki Nobeli ya tiba 1970. Mark Kac wa Krzemieniec, aliyehamia Marekani 1938, aliuliza katika makala ya 1966 kama umbo la ngoma laweza kujulikana kwa kusikia sauti yake tu. Jibu lilipatikana 1992: hapana, zipo ngoma mbili za maumbo tofauti zenye sauti ileile. Alex Katz wa Brooklyn, aliyezaliwa 1927, amemchora mkewe Ada mara nyingi mno. Siasa za Israel zina Israel Katz wawili: mmoja alizaliwa Vienna 1927 akawa waziri wa kazi 1977 hadi 1981, mwingine alizaliwa 1955 na aliteuliwa waziri wa ulinzi Novemba 2024. Angalia mwaka kabla ya kunukuu.

Na yupo Phil Katz wa Milwaukee, aliyetoa PKZIP, programu ya kubana mafaili, mwaka 1989 na kufariki 2000 akiwa na miaka 37. Huyu yumo kwenye simu yako. Chukua faili la programu ya Android, la apk, au waraka wa docx, ulifungue kwa kihariri cha matini badala ya programu yake. Litamwagika takataka, lakini kwa kawaida baiti mbili za mwanzo zinasomeka: 50 4B, yaani P na K. Mafaili hayo ni zip kwa ndani, na herufi hizo ni za jina lake, Phillip Katz.